Meli 1,186 za Homer: nani angelipia Vita vya Troya?

Kitabu cha pili cha utenzi wa Iliad kina orodha ndefu ya vikosi vya Wagiriki waliokwenda kuupiga mji wa Troya. Vikosi ni 29, na ukijumlisha kimoja baada ya kingine unapata meli 1,186. Agamemnon wa Mycenae ana meli 100, mzee Nestor wa Pylos ana 90, Argos na Krete wana 80 kila mmoja, Odysseus ana 12, na Nireus wa kisiwa kidogo cha Syme ana 3. Watu wamebishana kwa muda mrefu kama vita hivi vilitokea, na ubishi mwingi huishia kwenye ndiyo au hapana. Mimi nitauliza kwa namna ya mhasibu: vita vya ukubwa gani, na gharama yake ingebebwa na nani?

Kwanza tukubaliane maneno mawili. Nikisema Troya, ninamaanisha kilima cha Hisarlik kaskazini magharibi mwa Uturuki, karibu na mlango bahari wa Dardanelles. Nikisema Wagiriki wa Mycenae, ninamaanisha falme zilizokuwa na makasri na waandishi wa kumbukumbu kati ya mwaka 1400 na 1200 KK hivi. Homer, au yeyote aliyeutunga utenzi huo, anawekwa kwenye karne ya 8 KK. Kati ya vita na mshairi kuna pengo la takriban miaka 450 hadi 500.

Orodha yenyewe inafaa kukaguliwa kabla ya kutumiwa. Katika vikosi 29, vikosi 10 vina meli 40 kamili. Vikosi 22, sawa na asilimia 76, vina idadi inayogawanyika kwa kumi bila baki. Vilivyobaki ni saba tu, vyenye meli 12, 12, 9, 3, 11, 7 na 22, na jumla yao ni 76, yaani asilimia 6.4 ya meli zote. Karani anayehesabu meli halisi ufukweni hapati namba kamili mara 22 kati ya 29. Anayepata ni mtu anayekadiria, au mtu anayetafuta namba itakayokaa vizuri katika mizani ya ushairi. Hilo halithibitishi kwamba orodha ni ya uongo, ila linaonyesha kwamba haikutoka kwenye daftari.

Idadi ya watu ni tatizo jingine. Homer anatoa idadi ya watu melini mara chache. Meli za Boeotia zina watu 120 kila moja; za Philoctetes zina wapiga makasia 50, na za Achilles vilevile 50. Thucydides, mwanahistoria wa karne ya 5 KK, alichukua 120 kuwa kiwango cha juu na 50 kuwa cha chini, akapendekeza wastani. Wastani wake ni 85, na 85 mara 1,186 ni watu 100,810. Ukishika 50 peke yake unapata 59,300. Ukishika 120 unapata 142,320. Tofauti kati ya chini na juu ni watu 83,020, na yote hiyo inatokana na namba mbili alizozitaja mshairi kwa kupita. Nitatumia 100,810 kwa sababu ndiyo hesabu ya kale kuliko zote, lakini msomaji akumbuke imesimama juu ya nini.

Sasa chakula. Posho ya kawaida ya askari wa Kigiriki wa zama za baadaye ilikuwa kipimo kimoja cha nafaka kwa siku, kinachokaribia lita moja, au gramu 800 za ngano. Watu 100,810 kwa gramu 800 wanakula kilo 80,648 kwa siku, yaani tani 80.6. Kwa mwaka ni tani 29,436. Kwa miaka kumi ya vita ni tani 294,365, bila kuhesabu nyama, mvinyo, mafuta, wala chakula cha farasi.

Tuziweke tani hizo kwenye shilingi ili ukubwa uonekane. Nachukua shilingi ya Tanzania 1,000 kwa kilo moja ya ngano. Si bei ya soko lolote, ni namba ya kurahisisha hesabu, na anayetaka kuibadilisha abadilishe. Jeshi linakula shilingi milioni 80.6 kila siku, shilingi bilioni 29.4 kila mwaka, na shilingi bilioni 294.4 kwa miaka kumi. Ukipunguza jeshi hadi watu 59,300, miaka kumi bado inagharimu shilingi bilioni 173.2. Zama hizo hazikuwa na sarafu. Sarafu za kwanza zilitengenezwa karne tano au sita baada ya vita hivi kudaiwa kutokea. Kwa hiyo bilioni hizo zilipaswa kupatikana kama ngano yenyewe, magunia yakavushwa baharini.

Kuvushwa kwa chombo gani? Mwaka 1982 mzamiaji wa sifongo aliona mabaki ya jahazi lililozama Uluburun, karibu na Kaş kusini mwa Uturuki, na wanaakiolojia wakalichimbua kuanzia 1984 hadi 1994. Ni la karibu mwaka 1300 KK, lilikuwa na urefu wa mita 15 hivi, na uwezo wake unakadiriwa kufikia tani 20. Tani 80.6 kwa siku zinahitaji majahazi manne ya aina hiyo yafike kila siku, safari 1,472 kwa mwaka. Safari za mizigo za mwaka mmoja zinazidi meli zote za vita. Na bahari ya Aegean katika majira ya baridi haisafiriki kila siku.

Thucydides aliliona tatizo hili. Alisema kilichowafanya Wagiriki wa zamani wasipeleke jeshi kubwa zaidi ni uhaba wa fedha na chakula kuliko uhaba wa watu, na kwamba sehemu ya jeshi ilikwenda kulima upande wa pili wa mlango bahari na kupora ili wapate kula. Hiyo ndiyo sababu, kwa maoni yake, vita vilichukua miaka kumi: jeshi halikuwahi kuwa mahali pamoja. Homer naye anaacha alama za mahitaji haya. Meli za mvinyo zinakuja kutoka Lemnos, na askari wanalipa kwa shaba, chuma, ngozi, ng'ombe na watumwa. Bei katika utenzi huu ni ng'ombe: silaha za dhahabu za Glaucus, mpiganaji wa upande wa Troya, zina thamani ya ng'ombe 100, za Diomedes Mgiriki ng'ombe 9, na wawili hao wanabadilishana. Mshairi mwenyewe anasema Glaucus aliondolewa akili.

Upande wa pili wa mizani ni mji. Ngome ya Hisarlik, penye kuta nzuri za mawe zinazoonekana hadi leo, ina eneo la takriban hekta 2. Manfred Korfmann wa Chuo Kikuu cha Tübingen, aliyeongoza uchimbaji kuanzia 1988 hadi alipofariki 2005, alisema chini ya ngome kulikuwa na mji wa chini uliolifikisha eneo lote karibu hekta 30, wenye wakazi kati ya 5,000 na 10,000. Hiyo ni watu 167 hadi 333 kwa hekta. Frank Kolb, mwenzake katika chuo hichohicho, alimpinga hadharani kuanzia 2001: sehemu kubwa ya hekta hizo haijachimbuliwa, na nyumba zilizopatikana ni za kutawanyika. Ukishusha msongamano hadi watu 100 kwa hekta, wakazi wanabaki 3,000. Makadirio yanatofautiana zaidi ya mara tatu, na chanzo cha tofauti ni dhana moja tu, ya kwamba ardhi ambayo haijachimbuliwa ilijengwa kama ile iliyochimbuliwa.

Hapa kuna jambo la kushangaza kidogo. Katika kitabu hichohicho cha pili, Agamemnon anasema Wagiriki wangejigawa makundi ya watu kumikumi, na kila kundi lipewe mwenyeji mmoja wa Troya awamiminie mvinyo, makundi mengi yangekosa mtu. Gawa 100,810 kwa kumi: wenyeji wanakuwa chini ya 10,081. Namba ya mshairi na kiwango cha juu cha Korfmann zinakaribia kulingana. Nisingeupa ulingano huo uzito mkubwa, kwa kuwa namba moja inatokana na wastani wa Thucydides na nyingine na makadirio ya ardhi ambayo sehemu yake kubwa haijachimbuliwa. Na mshairi huyohuyo, mwishoni mwa kitabu cha nane, anawasha mioto 1,000 uwandani yenye watu 50 kila mmoja. Hao ni 50,000 upande wa Troya, wenyeji pamoja na wageni waliokuja kuwasaidia. Ukiwarudisha wote ndani ya hekta 30, kila mtu anapata mita 6 za mraba, kabla ya kuweka farasi hata mmoja.

Lakini ulingano huo unaleta swali gumu kuliko ule wa chakula. Katika wakazi 10,000, wanaume wa kushika silaha hawazidi 2,500, tukichukua robo. Watu 100,810 dhidi ya 2,500 ni 40 kwa mmoja. Kama jeshi lilikuwa kubwa hivyo, miaka kumi haielezeki. Kama miaka ilikuwa kumi, jeshi halikuwa kubwa hivyo. Namba mbili mashuhuri za hadithi hii zinapingana zenyewe kwa zenyewe, na washirika wa Troya wanapunguza mgongano huo bila kuuondoa.

Shahidi bora tuliye naye yuko Pylos, mji wa Nestor. Carl Blegen wa Chuo Kikuu cha Cincinnati, aliyechimba Troya kati ya 1932 na 1938, alikwenda Pylos mwaka 1939 na kukuta mabamba ya udongo ya kumbukumbu za kasri. Michael Ventris aliusoma mwandiko wa mabamba hayo, unaoitwa Linear B, mwaka 1952. Moto uliolichoma kasri karibu mwaka 1180 KK uliyaoka mabamba hayo yakadumu. Yamebeba hesabu za mwaka wa mwisho tu, na hayana shairi hata mstari mmoja. Yana watu, kondoo, posho, shaba.

Bamba moja dogo linaorodhesha wapiga makasia wanaokwenda Pleuron. Sehemu tano za pwani zinatoa watu 8, 5, 4, 6 na 7. Jumla ni 30, wanaotosha kwa meli moja ya makasia 30. Hivi ndivyo ufalme wa kweli ulivyokusanya mabaharia, wanne kutoka hapa na watano kutoka pale. Bamba kubwa zaidi la wapiga makasia lina watu wapatao 600. Mabamba mengine yanapanga walinzi wa pwani, na jumla yao ni takriban 800.

Weka namba hizo kando ya Homer. Meli 90 za Nestor, kwa makasia 50 kila moja, zinataka wapiga makasia 4,500. Kumbukumbu za kasri zina 600, yaani asilimia 13.3. Kwa wastani wa Thucydides, Nestor angeondoka na watu 7,650. Wakazi wa ufalme mzima wa Pylos wanakadiriwa kuwa kama 50,000. Nusu yao ni wanaume, 25,000. Kwa hiyo asilimia 30.6 ya wanaume wote, tukihesabu watoto wachanga na vikongwe, wangekuwa ng'ambo ya bahari kwa miaka kumi. Nani angevuna zeituni?

Shaba inasema vilevile. Tuseme kila mtu ana kilo 2 za shaba iliyochanganywa na stani, inayotosha kichwa cha mkuki, upanga mfupi na vitu vidogo. Kwa watu 100,810 ni tani 201.6. Jahazi la Uluburun lilibeba takriban tani 10 za shaba na tani 1 ya stani, shehena ya kifalme, na ingehitajika mizigo 18 kama huo. Fungu la Pylos peke yake lingekuwa tani 15.3. Mabamba ya Pylos yanayoonyesha shaba iliyogawiwa wahunzi wa ufalme yanafikia takriban tani moja.

Tuligeuze swali. Tukichukua asilimia 13.3 ya Pylos na kuitumia kwa orodha nzima, meli 1,186 zinakuwa 158, na watu, kwa 50 kila meli, wanakuwa 7,900. Jeshi hilo linakula tani 6.3 kwa siku. Kwa msimu mmoja wa kiangazi wa siku 90 ni tani 569, au shilingi milioni 569 kwa bei yetu ileile. Hiyo ni asilimia 0.19 ya gharama ya vita vya Homer. Na bado ni watu zaidi ya watatu kwa kila mlinzi mmoja wa Troya, hata kwa makadirio makubwa ya Korfmann. Mji wa ukubwa ule ungeweza kuanguka kwa gharama hiyo.

Hesabu hii ina udhaifu wake. Inachukulia kwamba bamba la watu 600 ndilo nguvu yote ya majini ya Pylos, wakati linaweza kuwa la mwito mmoja tu. Inachukulia kwamba falme nyingine zilipungukiwa kwa uwiano uleule. Inachukulia pia kwamba mwaka wa mwisho wa Pylos, ambao huenda ulikuwa wa hatari, unafanana na miaka ya kawaida. Ukiongeza wapiga makasia wa Pylos mara mbili, unapata meli 316 na watu 15,800. Bado uko mbali sana na 100,810.

Nyaraka za nje ya Ugiriki zinakaa upande wa namba ndogo. Wahiti, waliotawala sehemu kubwa ya Uturuki ya leo, walikuwa na mkataba wa karibu mwaka 1280 KK kati ya mfalme wao Muwatalli II na Alaksandu, mtawala wa nchi ya Wilusa, ambayo watafiti wengi wanaiona kuwa ndiyo Troya. Barua ya kifalme ya miongo michache baadaye inataja ugomvi kuhusu Wilusa na mfalme wa Ahhiyawa, jina linaloaminiwa na wengi kuwa la Wagiriki wa Mycenae. Andiko jingine la Wahiti linamtaja mtu wa Ahhiya, Attarissiya, aliyepigana katika Uturuki ya leo akiwa na magari 100 ya farasi. Linganisha na vita vya Kadesh vya 1274 KK, ambako Misri iliwahesabia Wahiti na washirika wao magari 2,500 mwanzoni na askari wa miguu 37,000. Hiyo ni namba ya adui iliyoandikwa na aliyejitangaza mshindi, kwa hiyo nayo ikatwe, lakini hata isipokatwa, dola kubwa kabisa ya eneo lile inapewa chini ya nusu ya jeshi la Agamemnon.

Meli chache zilitosha kuleta maafa. Mfalme wa Ugarit, mji wa bandari katika Syria ya leo, aliandika karibu 1190 KK kwamba meli saba za adui zimekuja na kuiharibu nchi yake. Meli saba. Na ndani ya Iliad yenyewe, kitabu cha tano, tunaambiwa Heracles aliwahi kuuteka mji wa Troya kizazi kimoja kabla akiwa na meli sita tu. Kwa watu 50 kila meli, ni 300. Sijui kwa nini kifungu hicho kinapitwa haraka na wanaotetea meli 1,186.

Mabamba ya Pylos yana dokezo jingine. Yanaorodhesha wanawake wafumaji na wasagaji wapatao 750, na baadhi wanatajwa kwa asili zao: Miletus, Knidos, Lemnos, zote upande wa mashariki wa Aegean, na Lemnos iko karibu kabisa na mlango bahari wa Troya. Posho ya mwanamke mmoja ilikuwa lita 19 hivi za ngano kwa mwezi. Wanawake hao walifikaje huko bamba halisemi, lakini uporaji wa pwani za mashariki ni maelezo yasiyohitaji meli elfu.

Tarehe nazo zina hesabu yake. Mwanazuoni wa Kigiriki Eratosthenes aliweka kuanguka kwa Troya mwaka 1184 KK. Hesabu ya mwanahistoria Herodotus inaangukia karibu 1250. Hisarlik ina matabaka makuu tisa. Tabaka la VI, lenye kuta kubwa, liliisha karibu 1300 KK, na Blegen aliona dalili za tetemeko la ardhi. Tabaka la VIIa liliungua karibu 1180, likiwa na mitungi mikubwa ya akiba iliyozikwa sakafuni, mifupa ya watu na silaha. Hilo la pili ndilo linalofanana na mji uliovamiwa. Shida ni kwamba mwaka huohuo, kwa kupishana miaka michache, Pylos yenyewe ilikuwa inaungua. Troya inayofaa kwa tarehe haina tena Nestor wa kuleta meli 90. Heinrich Schliemann, aliyechimba Hisarlik kabla ya Blegen, hakulazimika kusumbuka na hesabu hizi: dhahabu aliyoitangaza mwaka 1873 kuwa hazina ya Priam, mfalme wa Troya katika utenzi, ilitoka tabaka la II, la zaidi ya miaka 1,000 kabla.

Msomaji wa tenzi za Kiswahili atalitambua pengo hili kati ya tukio na utenzi. Msafara wa Waislamu kwenda Tabuk wa mwaka 630 ulimalizika bila mapigano. Utendi wa Tambuka, uliotungwa Pate mwaka 1728, una vita vikuu dhidi ya Herekali, mfalme wa Rumi. Kati ya tukio na utenzi ni miaka 1,098. Msafara ulikuwepo kweli, mfalme alikuwepo kweli, na vita ni vya mshairi. Homer alikuwa na nusu ya muda huo, na hakuwa na vitabu vya kumrekebisha.

Hata waandishi wa nathari walizipenda namba za kiasi hiki. Herodotus aliupa msafara wa Xerxes, mfalme wa Uajemi, wa mwaka 480 KK manowari 1,207, zikizidi orodha ya Homer kwa 21 tu, na watu 5,283,220. Kisha akawapigia posho ya nafaka na kukosea kugawanya: kwa vipimo 48 kwa gunia jibu ni magunia 110,067, yeye aliandika 110,340.

Kwa ninavyozisoma namba hizi, mapigano ya Wagiriki kuhusu Wilusa yana uwezekano mkubwa, pengine zaidi ya mara moja, kwa makumi ya meli au mia na kitu, kwa msimu mmoja mmoja. Vita vya meli 1,186 na miaka kumi havilipiki. Kuna waraka mmoja ungeweza kunibadilisha. Agamemnon wa meli 100 alihitaji wapiga makasia wasiopungua 5,000, na kama kasri la Pylos liliandika watu wanne wanne, la Mycenae lingeandika hao 5,000. Mabamba yaliyopatikana Mycenae hadi sasa ni machache, na mengi yanahusu mafuta, viungo na sufu.